Kiuno, nyonga au mgongo? Kumtafuta daktari wa kiungo ambacho hatukitaji

Kila ikitangazwa kambi ya madaktari bingwa mahali fulani hapa Dar es Salaam, napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu na majirani: "Eti na bingwa wa kiuno atakuwepo?" Nami kila mara nashindwa kujibu kwa sentensi moja. Bingwa wa kiuno hayupo. Yupo wa mifupa, yupo wa ubongo na mishipa ya fahamu, yupo wa figo, yupo wa magonjwa ya wanawake, yupo wa magonjwa ya ndani. Mwenye kiuno kinachouma anaweza kuelekezwa kwenye foleni ya yeyote kati ya hao, na kama tatizo lake liko kwenye kiungo ninachotaka kukieleza hapa, kiungo cha sakramu, pale uti wa mgongo unapokutana na mifupa ya nyonga, anaweza kuzimaliza foleni zote tano pasiwe na aliyemgusa pale panapouma.

Ndivyo ilivyomkuta dada yangu. Alijifungua mtoto wa pili, na kabla arobaini haijaisha akaanza kulalamika maumivu upande wa kulia, chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya tako. Akanywa dawa za UTI mara tatu. Akapima figo, zikaonekana nzima. Akapiga MRI ya mgongo kwa pesa ya mchezo, akaambiwa diski moja, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, imetokeza kidogo, akapewa mkanda mpana wa kiunoni na sindano za kutuliza maumivu. Miaka miwili ikapita hivyo. Aliyekuja kuligundua tatizo ni mtaalamu wa fiziotherapia, mzee mmoja mpole, ambaye hakuulizia picha kwanza. Alimwambia, "Mama, chukua kidole kimoja, kimoja tu, uniwekee pale panapouma." Dada akaweka. Akaambiwa ageuke, atembee hatua chache, aweke tena. Kidole kikatua palepale.

Nitarudi kwenye kidole hicho, maana kina kazi kubwa kuliko inavyoonekana.

Maneno yanayotupoteza

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inaanzia mdomoni. Tukisema "kiuno", mmoja anamaanisha pale anapofunga mkanda, mwingine anamaanisha mgongo wa chini wote, na mwingine, kwa haya tu, anamaanisha tako. "Nyonga" nayo ni hivyo hivyo. Bibi akisema nyonga zinamuuma anaweza kuwa anataja eneo lote kuanzia ubavuni hadi pajani. Daktari wa mifupa akisikia nyonga, akili yake inakwenda kwenye kiungo kimoja mahususi, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia kwenye kikombe chake. Kiungo hicho kikiharibika, maumivu yake kwa kawaida hujitokeza mbele, kwenye kinena. Vijana wenye selimundu wanalijua hilo vizuri, kwa kuwa ugonjwa wao mara nyingine hukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Hayo ni mambo mengine kabisa na haya ninayoyaandika.

Basi tuupapase mwili wenyewe. Uti wa mgongo unashuka pingili juu ya pingili mpaka kiunoni. Chini ya pingili tano za kiuno kuna mfupa mmoja wa pembetatu, ncha yake ikielekea chini. Huo ni sakramu. Utotoni ulikuwa pingili tano zilizoachana, na kadiri mtu anavyokua zinaungana kuwa mfupa mmoja. Kulia na kushoto kwake imesimama mifupa miwili mipana, ile unayoishika ukisimama mikono kiunoni. Mahali sakramu inapokutana na kila mmoja wa mifupa hiyo pana kiungo. Vipo viwili, kimoja kila upande, na kitaalamu huitwa viungo vya sakroiliaki. Mimi nitakiita kiungo cha sakramu ili ulimi usichoke. Ukitaka kujua kilipo, tazama mgongo wa mtu mwembamba: juu tu ya makalio utaona vibonyeo viwili. Kiungo kiko chini ya kibonyeo, ndani kidogo.

Kazi yake ni hii. Seremala akipachika mpini kwenye shoka hupigilia kabari, na kadiri shoka linavyofanya kazi, kabari inazidi kukaza. Sakramu ni kabari ya mwili. Uzito wote wa kichwa, mikono, kifua na ndoo ya maji iliyo kichwani unashuka kupitia uti wa mgongo, unaikandamiza kabari hiyo katikati ya mifupa miwili ya nyonga, kisha unagawanyika kwenda mguu wa kulia na wa kushoto. Mshtuko unaotoka chini nao, ukiruka kutoka kwenye daladala kwa mfano, unapanda kwa njia hiyo hiyo. Tofauti na kabari ya shoka ni kwamba hii inacheza kidogo sana, nyuzi chache tu za kuzunguka na milimita moja au mbili za kuteleza. Kano nene na ngumu, miongoni mwa zilizo imara kuliko zote mwilini, ndizo zinazoizuia isizidi hapo.

Hitilafu ya kiungo cha sakramu, basi, ni hali ya mchezo huo mdogo kuharibika. Pengine kano zimelegea na kiungo kinacheza kupita kiasi. Pengine kimekakamaa upande mmoja. Pengine nyuso zake zimevimba kwa ndani. Jina hilo linaeleza mahali na namna ya tatizo, halielezi chanzo, na ndiyo maana daktari mzuri akishalitaja ataendelea kuuliza maswali.

Kwa nini kilisahauliwa

Huenda unajiuliza kama kiungo chenyewe ni cha maana hivyo, mbona diski ndiyo inayojulikana mpaka kwa kondakta wa daladala? Kuna historia hapo. Mwaka 1905, madaktari wawili wa Marekani, Goldthwait na Osgood, waliandika kwamba kiungo cha sakramu ni chanzo cha maumivu ya mgongo wa chini, na kwa karibu miaka thelathini ndicho kilichokuwa mshukiwa mkuu. Kisha mwaka 1934 Mixter na Barr, nao wa Marekani, wakachapisha maelezo ya diski iliyochomoza na kubana mshipa wa fahamu. Ugunduzi ule ulikuwa wa kweli na umewasaidia wengi. Lakini tangu hapo macho ya madaktari na ya wagonjwa yakahamia kwenye diski, na kiungo cha jirani kikabaki kivulini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi katika tiba ni kwamba kati ya asilimia 15 na 30 ya maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini yanatoka kwenye kiungo hiki. Maana yake wengi zaidi maumivu yao yanatoka kwingine, nami sitaki msomaji aliyeumwa jana ajipachike jina hili leo. Ila asilimia 15 ya watu wanaojaza mabenchi ya hospitali zetu kwa sababu ya mgongo si watu wachache.

Wanaokipata ni akina nani? Waja wazito na waliojifungua wako mstari wa mbele. Mimba inapokua, homoni huandaa njia ya mtoto kwa kulegeza kano za nyonga, huku tumbo likivuta mwili mbele na mwendo ukibadilika. Takriban mja mzito mmoja kati ya watano hupata maumivu ya ukanda wa nyonga. Kwa wengi huisha miezi michache baada ya kujifungua, na kwa wachache hubaki. Halafu mtoto anabebwa upande mmoja, nyonga imetokezwa nje ili akae vizuri, mkono mwingine ukikoroga sufuria.

Baada ya hao kuna walioanguka. Kutua kwa tako kwenye sakafu yenye maji, kudondoka kwenye bodaboda, kugongwa ukiwa ndani ya gari huku mguu umekaza kwenye breki. Kuna waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za kiuno, ambapo mzigo wa pingili zilizofungwa unahamia kwenye kiungo cha chini yake. Kuna wenye mguu mmoja mfupi. Na kuna kundi dogo ambalo kiungo kinashambuliwa na ugonjwa wenyewe: aina za baridi yabisi zinazopenda uti wa mgongo, kifua kikuu cha mifupa, au bruselosisi, maradhi ya mifugo yanayompata mtu kwa kunywa maziwa mabichi au kuhudumia wanyama. Kundi hili la mwisho tiba yake ni tofauti kabisa na ya wengine, na kwao kuchelewa kuna gharama.

Yanayosemwa mitaani

Kuna maelezo ya kiuno ambayo sote tumeyasikia, na mengine tumeyarudia wenyewe. Kwa wanawake ni UTI. Kwa wanaume ni ngiri, au ule upungufu wa nguvu unaotangazwa kwenye vibao vilivyopigiliwa nguzo za umeme kuanzia Mbagala hadi Bunju. Kwa wote wawili ni figo. Figo ziko juu zaidi, chini ya mbavu za nyuma, na zikiambukizwa kwa kawaida huja na homa, kutetemeka au mkojo uliobadilika. Maumivu ya UTI hayaongezeki ukipanda ngazi wala hayapungui ukigeuka upande wa pili wa kitanda. Maumivu yakifuata mwendo wa mwili, yaani kuinuka kitini, kugeuka kitandani, kusimama kwa mguu mmoja ili kuvaa suruali, kuinuka kutoka sijida, mshukiwa wa kwanza ni kiungo, msuli au mshipa wa fahamu.

Lipo hili la sindano ya mgongo, nalo linaniuma zaidi kwa sababu limewatia hofu wanawake wanaohitaji upasuaji wa haraka. "Sindano ya ganzi ndiyo iliyoniharibu mgongo." Sindano ile ni nyembamba sana, na huingizwa chini ya mahali uti wa fahamu unapoishia. Pale ilipopita panaweza kuuma kwa siku kadhaa. Lakini tafiti zilizowalinganisha wanawake waliowekewa ganzi ya mgongoni wakati wa uchungu na ambao hawakuwekewa hazikuona tofauti ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Makundi yote mawili yaliumwa, kwa kuwa yote mawili yalibeba mimba. Dada yangu aliilaumu sindano kwa miaka miwili, na lawama hiyo ikaufunika mlango ambao ungefunguliwa mapema.

Halafu kuna imani kwamba picha inasema yote. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Eksirei ya mwenye hitilafu hii mara nyingi huonekana safi. MRI ya mgongo inayoagizwa kwa kawaida inalenga pingili za kiuno, na kiungo cha sakramu kinaweza kukatwa pembeni au kisionekane vizuri. Wakati huo huo MRI hiyo itaonyesha kitu kwenye diski, karibu kila mara. Mwaka 2015 yalichapishwa majumuisho ya tafiti nyingi za picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo: kati ya wenye miaka 20 hivi, asilimia 30 walikuwa na diski iliyotokeza, na kwa wenye miaka 80 walifika asilimia 84. Hawa ni watu wazima wa afya wasio na malalamiko. Kwa hiyo karatasi ikisema diski imetokeza, hiyo ni habari kama ya mvi. Inaweza kuwa na uhusiano na maumivu yako na inaweza isiwe nao, na wa kuamua hilo ni mtu aliyekushika na kukupima.

Diski inayobana mshipa nayo ina tabia yake. Maumivu yake hushuka chini ya goti, mara nyingi hadi unyayoni, pamoja na ganzi au mguu kukosa nguvu. Ya kiungo cha sakramu hukaa takoni na nyuma ya paja, na mengi huishia juu ya goti. Nimesema mengi, wapo ambao kwao yanavuka goti, na hao ndio wanaochanganya hata wazoefu.

Mwisho, "kiungo kimechomoka." Hakijachomoka. Kiungo hiki kuachia kabisa kunahitaji ajali kubwa, na aliyeachia hatembei kwenda kwa mchuaji. Kuchuliwa na mafuta kunaweza kulegeza misuli na kumpa mtu usingizi mzuri, nami sina ugomvi na hilo. Ila kukanyagwa mgongoni au kuvutwa mguu kwa nguvu ili "mfupa urudi" ni hatari, hasa kwa mama mwenye kichanga na kwa mzee ambaye mifupa yake imepungua.

Uanzie wapi, uishie kwa nani

Neno bingwa limetuchanganya nalo. Hapa kwetu daktari husoma miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mazoezi kazini, kisha akitaka kuwa bingwa anarudi darasani kwa miaka mitatu au zaidi katika fani moja. Akiendelea kuchimba kipande cha fani hiyo anaitwa bingwa bobezi. Ni heshima wanayostahili. Lakini ubingwa ni kina cha eneo moja, na kiungo cha sakramu kiko mpakani: mifupa wanakigusa, baridi yabisi wanakigusa, uzazi wanakigusa, ganzi na tiba ya maumivu wanakigusa. Hakuna kibao kimoja chenye jina lake. Kwa hiyo usitafute jina la kibao. Mtafute mtu atakayekipima kwa mikono.

Na wa kwanza wa aina hiyo, kwa maoni yangu, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi wanamdharau, wanaona kupelekwa "mazoezi" ni kufukuzwa kistaarabu na daktari. Mimi pia niliwaza hivyo zamani. Kumbe huyu ndiye aliyefunzwa kuutazama mwili ukitembea, na ndiye mwenye muda wa kukushika nusu saa nzima. Wapo kwenye hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala. Wapo CCBRT kule Msasani. Wapo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile tunayoiita MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Na wapo kwenye hospitali na kliniki binafsi. Ukianzia kituo cha afya cha mtaani kwako, omba rufaa ya kwenda fiziotherapia kwa kuitaja kwa jina. Tabibu mwenye foleni ya watu themanini hatakuona mjeuri, utakuwa umempunguzia kazi.

Akikupima sawasawa, utayaona haya. Atakuambia uonyeshe kwa kidole kimoja. Ukionyesha palepale, chini kidogo ya kibonyeo, mara mbili mfululizo, hiyo ni dalili inayotambulika katika tiba. Mgonjwa wa kawaida akiulizwa "inauma wapi" hupitisha kiganja mgongoni kote, na kiganja kinaficha kile ambacho kidole kingesema. Kisha atakulaza na kukijaribu kiungo kwa njia tano. Utalala chali, goti limekunjwa, asukume paja lako kuelekea kitandani. Atazisukuma nyonga zako kando kwa mbele. Utalala ubavu, akubane nyonga kutoka juu. Utalala kifudifudi, agandamize sakramu katikati. Na mwisho utakumbatia goti moja kifuani huku mguu mwingine ukining'inia nje ya kitanda. Anachotafuta ni kama maumivu yako yale yale unayoyajua yataamka. Jaribio moja halithibitishi chochote. Matatu au zaidi yakiamsha maumivu hayo, kiungo kinakuwa mshukiwa mzito. Mtaalamu akikuandikia mazoezi bila kukulaza kitandani, una haki ya kuuliza kwa adabu, "Samahani daktari, hiki kiungo cha sakramu kimepimwa?"

Bingwa wa mifupa anafuata pale ambapo wiki sita hivi za mazoezi yaliyofanywa kweli hazijabadili kitu, au pale ulipoanguka au kupata ajali. Msomee historia yako kwa ufupi: ilianza lini, baada ya nini, upande gani, nini kinaiamsha na nini kinaituliza. Umpe na matokeo ya yale majaribio. Anayesikiliza ataelewa haraka. Ukikutana na anayeitazama picha tu bila kukutazama wewe, chukua karatasi zako ukatafute maoni ya pili.

Kama una umri chini ya miaka 45, mgongo umekakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, unalegea ukitembea na kuuma zaidi ukipumzika, na tako linalouma leo ni la kulia na kesho la kushoto, njia yako ni nyingine. Huyo amuone bingwa wa baridi yabisi. Hao ni wachache nchini, kwa hiyo mara nyingi utaanzia kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, na hapo ndipo MRI inayolenga viungo vya sakramu ina maana. Kuna kipimo cha damu cha HLA-B27 kinachosifiwa sana ughaibuni kwa ugonjwa huu. Chembe hiyo ya urithi ni adimu kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, kwa hiyo kikitoka hasi kisikufungie mlango.

Halafu yupo anayechoma sindano ndani ya kiungo. Huyu anaweza kuwa bingwa wa ganzi na tiba ya maumivu, bingwa wa mionzi, au wa mifupa. Sindano hiyo ina kazi mbili, kutibu na kuthibitisha. Dawa ya ganzi inawekwa ndani ya kiungo, na saa hiyo hiyo unaombwa ufanye yale yaliyokuwa yanakuumiza. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, kiungo kimekiri. Swali la kumuuliza kabla hujalipa ni moja: "Mnachoma mkiangalia kwenye picha?" Kiungo kiko ndani na kimejikunja, na anayechoma kwa kukisia kwa kidole mara nyingi hukikosa. Ukichomwa kwa kukisia usipate nafuu, hujajua lolote.

Mwenye kadi ya bima ya afya ya NHIF aulize mapema kama kipimo au sindano hiyo iko kwenye kitita chake na kama rufaa inatakiwa, asubiri jibu kabla ya kupanda gari. Na kwa yeyote anayejiita daktari bingwa ambaye umempata kwenye tangazo la simu, Baraza la Madaktari Tanganyika lina rejesta ya madaktari. Kuomba namba ya usajili si matusi.

Tiba yenyewe ni ya kuvunja moyo kwa anayetaka muujiza, maana ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya tako, tumbo la chini na mgongo, kila siku, kwa wiki nyingi, pamoja na kubadili namna ya kuinama na kubeba. Dawa za maumivu husaidia uweze kuyafanya hayo mazoezi. Zile sindano za diclofenac zinazonunuliwa na kuchomwa mtaani kila maumivu yakirudi zina madhara kwa tumbo, figo na presha, na mja mzito asiziguse bila daktari. Hatua za mbele zaidi zipo, kama kuunguza kwa joto vishipa vidogo vinavyobeba maumivu, na mwisho kabisa kuufunga mfupa na mfupa kwa vyuma. Nchi zilizoendelea katika upasuaji huo wanauweka mwisho, kwa mgonjwa aliyethibitishwa kwa sindano na kushindwa na mengine yote. Ukiahidiwa upasuaji katika ziara ya kwanza, ondoka.

Kuhusu mkanda, kuna jambo ambalo bibi zetu walikaribia kulijua. Mzazi hufungwa mkaja tumboni, na mwanamke mwenye kazi nzito hujifunga kibwebwe kiunoni. Ile mikanda mipana inayouzwa Kariakoo nayo hukaa kiunoni. Kiungo cha sakramu kinataka mkanda ushuke. Unapita chini ya ile mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga, ukizunguka juu tu ya mahali paja linapoanzia, ili mifupa ya nyonga ibanwe kuielekea kabari. Kanga iliyokunjwa upana wa kiganja na kukazwa pale inaweza kukupa jibu bure: ikiwa ukitembea nayo hatua ishirini maumivu yanapungua, mwambie mtaalamu, ni taarifa atakayoifurahia. Mkanda huvaliwa wakati wa kazi na kutembea, haulaliwi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri foleni yoyote ya kliniki. Mkojo umegoma kutoka au unatoka bila wewe kujua, ganzi imeingia sehemu za siri na pale unapokalia, mguu unapoteza nguvu siku hadi siku: hiyo ni dharura, nenda usiku huo huo. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, jasho la usiku, mwili kukonda, kikohozi cha muda mrefu nyumbani kwenu, au historia ya saratani, vinataka daktari ndani ya siku chache, na umtajie vyote hata asipouliza.

Dada yangu alichukua miezi mitano. Wiki tatu za kwanza alitaka kuacha, akisema haoni tofauti na mkeka wenyewe unamchosha. Yule mzee akampa daftari aandike kila jioni kitu kimoja tu: ngazi ngapi za ghorofa ya kazini alipanda kabla maumivu hayajaanza. Ukurasa wa kwanza umeandikwa nne. Kwenye ukurasa wa mwisho alioandika kuna neno "zote", na chini yake, kwa mwandiko wa haraka, kwamba jana alimbeba mtoto upande wa kulia akasahau, na usiku akakumbushwa.